Kiinua Mgongo cha Mjomba Athumani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau na imekataa. Ilikuwa Jumamosi, miezi ya mvua, wakati ambao nyumba nyingi za huku kwetu akiba ya chakula imekwisha na kilicho shambani bado hakijakomaa. Nilitoka Masasi kwa pikipiki ya kukodi, nikapanda hadi kijijini kwetu upande wa Newala, nikafika nimelowa mpaka magotini. Wazee wa ukoo walikuwa wameita kikao. Hakukuwa na msiba wala harusi. Mjomba wangu Athumani, kaka wa mama yangu, alikuwa amestaafu na kulipwa kiinua mgongo, na ukoo ulitaka kujua fedha hiyo itafanya nini.

Nikueleze kwanza huyu mjomba alikuwa nani. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya misheni kule Ndanda tangu ujana wake mpaka mvi zilipomjaa. Watu wa vijiji vya bondeni na vya huku juu walimwita Muuguzi tu, kana kwamba hakuna mwingine. Alifunga vidonda vyao, alikesha na watoto wao wenye homa, na gari lilipochelewa aliwazalisha wake zao majumbani. Ndiye aliyenisomesha mimi. Baba yangu alipotuacha, mjomba alinilipia ada na kuninunulia sare, na siku niliyopata kazi katika chama cha akiba na mikopo pale Masasi alivaa koti lake la Idi akaja mpaka ofisini kunisalimia mbele ya wenzangu. Aliniita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Kazi yangu chamani ilikuwa kuwashauri wanachama juu ya fedha zao. Watu hudhani mshauri wa fedha ni wa matajiri. Wangu walikuwa walimu, wauguzi, makarani, na wakulima wenye mikorosho yao. Wastaafu nilikuwa nimeshawaona wengi. Nilijua jinsi jasho la maisha mazima ya kazi linavyoweza kuisha kabla mikorosho haijachanua tena, na jinsi mtu anavyorudi ofisini amekaa upande mmoja wa kiti, anauliza kama kuna mkopo wowote kwa mzee.

Kwa hiyo mjomba aliponifuata ofisini kabla ya kikao kile, nilimweleza kila kitu bila kuficha. Nilimwambia aigawe fedha kabla haijazoeleka mkononi. Sehemu aezeke upya nyumba ya Chiwata, kijijini kwa mke wake, na kujenga tangi la kuvunia maji ya mvua, maana uzeeni hakuna atakayemtekea kila siku. Sehemu aifungie benki, asiifungue ila kwa ugonjwa. Sehemu anunue miche bora ya mikorosho na salfa ya kupulizia, kwa sababu ile miti ya zamani ya Chiwata ilikuwa imechoka kama yeye. Na ile pensheni ya kila mwezi, hata kama ni ndogo ya kuchekesha, asiiguse kwa mkopo wowote.

"Nimekuelewa, mama," alisema. Alinishika mkono akaondoka. Nilikaa pale nikiwa na amani.

Sasa rudi nami kwenye kikao. Wanaume walikaa kwenye viti na mabenchi, sisi wanawake kwenye mikeka. Mama Zainabu, mke wa mjomba, alikaa karibu na mlango. Wewe ni wa huku, unajua mambo yetu: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mpwa ana sauti kwenye mali ya mjomba wake kuliko mtoto aliyemzaa. Mke katika kikao cha namna ile ni mgeni.

Aliyezungumza zaidi alikuwa kaka yangu mkubwa, Rashidi. Rashidi alikuwa na maneno matamu tangu utotoni. Alisema fedha ya mjomba iingie kwenye kangomba. Kangomba, kama hukuwahi kuiona, ni hivi: mwenye fedha anampa mkulima kiasi kidogo miezi hii ya njaa, na msimu ukifika mkulima anamlipa kwa magunia ya korosho, kila gunia limehesabiwa kwa bei ya kutupa. Serikali imeikataza, kila mtu anajua imekatazwa, na kila mtu anajua nani anaifanya.

"Fedha ikilala benki anakula meneja," alisema Rashidi. "Watu wana shida sasa hivi. Tuwape. Ikifika Oktoba tunavuna bila kupalilia."

Niliomba ruhusa ya kusema. Sikuwa msichana tena, nilikuwa na elimu yangu na ofisi yangu, lakini mbele ya ukoo mwanamke asiye na mvi ni mtoto.

"Mjomba," nilisema, "biashara yenyewe imekatazwa. Mtu akigoma kukupa korosho, utamshitaki wapi? Na bei ya mnada leo hakuna anayeijua. Ikishuka utapata hasara. Ikipanda, watu watakukimbia wapeleke korosho zao chama cha msingi cha ushirika, zikauzwe mnadani."

"Nani atamkimbia Muuguzi?" alijibu Rashidi. "Nusu ya kijiji hiki wamezaliwa mikononi mwake."

Watu wakacheka. Mjomba naye akacheka, na nilipomtazama usoni niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Alikuwa amefurahi. Alikuwa amewekwa kwenye kiti chenye mto, wapwa wamemzunguka, na kila aliyefungua mdomo alimwita tajiri.

"Mama," aliniambia kwa upole kabisa, "hebu nenda katusaidie jikoni. Chai imechelewa."

Nilikwenda. Ningefanya nini kingine? Mama Zainabu alinifuata, akachutama kupuliza moto mpaka ukawaka.

"Wewe umesema," aliniambia. "Mimi nimekusikia. Fedha yake siwezi kuizuia. Lakini mikorosho ya Chiwata aliipanda mama yangu, kwenye ardhi ya mama yangu. Ile hawataigusa."

Wiki ile ile Mama Zainabu alikwenda ofisi ya kijiji na ndugu zake, mashahidi wakakaa, shamba likaandikwa jina lake na majina ya wanawe. Ndugu zetu walimsema sana. Walisema anamchimbia mumewe kaburi angali hai. Hakuwajibu.

Fedha ya mjomba akakabidhiwa Rashidi aizungushe. Kwanza alinunua pikipiki mpya, eti ya kuwafikia wakulima. Kisha akagawa vijijini, huku kidogo, kule kidogo. Kisha akarudi kwa mjomba akasema wakulima ni wengi, fedha haitoshi, na ni aibu jina la Muuguzi liishie njiani. Hapo ndipo mjomba alipokwenda benki kukopa kwa dhamana ya ile pensheni ya mwezi. Mimi sikuambiwa. Nililijua jambo hilo wakati makato yameshaanza.

Msimu ukafika. Nawe huenda unangoja nikuambie bei ya korosho ilianguka. Haikuanguka. Ilipanda. Mnada wa kwanza ulipofanyika, bei ilisomwa na watu hawakuamini masikio yao, wakamtaka karani arudie. Wiki hiyo mabati mapya yalikuwa yanapita barabarani juu ya baiskeli. Chiwata yote, Newala yote, watu walikuwa wanacheka peke yao. Na wengi wa waliokuwa wamekula fedha ya kangomba walipeleka magunia yao chama cha msingi.

Nilichukua likizo nikapanda kumwona mjomba. Nilimkuta anatoka kwa miguu, amekunja magunia matupu kwapani. Rashidi alikuwa hapatikani kwenye simu. Nilimwomba niende naye.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mjane, Mama Shaibu. Alitupokea vizuri.

"Shikamoo, Muuguzi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Karibuni mkae."

Alitutolea viti, akaleta maji na korosho za kukaanga kwenye sahani. Mjomba alikunywa maji. Alikuwa ameyaweka yale magunia chini ya kiti, lakini Mama Shaibu alikuwa ameshayaona.

"Muuguzi, nisikufiche," alisema. "Korosho nimepeleka chamani. Bei ya mwaka huu ndiyo itakayomrudisha Shaibu shuleni. Ile fedha uliyonipa nitakurudishia kidogo kidogo."

"Hatukukubaliana fedha," alisema mjomba. "Tulikubaliana magunia."

"Tulikubaliana nikiwa na njaa."

Mjomba aliitazama sahani ya korosho. Yule mama akasema, bila jeuri yoyote, "Kama nimekukosea, nenda kwa mtendaji wa kijiji ukanishitaki."

Huyo Shaibu, mwanangu, mjomba ndiye aliyemtoa tumboni, katika nyumba ile ile, mvua inanyesha, taa ya chemli imeshikwa na bibi yake. Wote watatu tulilijua hilo na hakuna aliyelitaja. Mjomba alimalizia maji yake, akashukuru, akainama kuchukua magunia.

Tulitembea mpaka tukaipita shule ndipo akasema, "Hakuna neno alilosema ambalo si kweli."

Nyumba nyingine alizokwenda zilikuwa hivyo hivyo, na nyingine mbaya zaidi. Wapo waliojificha uani, mtoto akatumwa kusema baba hayupo. Wapo waliosema walishampa Rashidi magunia yake zamani. Hilo nalo lilikuwa kweli. Rashidi alikuwa ameyakusanya aliyoweza, akayauza Masasi, akarudi na hadithi kwamba watu wamegoma wote. Mwaka uliofuata alifungua duka. Alipoulizwa mtaji ameupata wapi alisema Mungu hamtupi mja wake.

Uchungu wangu uko hapo. Mama Shaibu sikuweza kumchukia. Bei iliyopanda ilikuwa haki yake. Mjomba wangu ndiye aliyeweka kiti chake mahali ambapo ili yeye ashibe, jirani alipaswa kubaki na njaa. Nilipotafuta wa kumkasirikia, nilimkuta nyumbani kwetu, aliyenyonya ziwa nililonyonya mimi.

Mkopo wa benki ukaendelea kukata. Kilichobaki cha pensheni kilikuwa hakitoshi hata sukari na sabuni. Basi ukoo ukaita kikao tena, safari hii Chiwata, nyumbani kwa Mama Zainabu. Walikuja wakiwa na wazo: mikorosho ya Chiwata iwekwe rehani kwa tajiri mmoja wa mjini kwa misimu kadhaa, deni la mjomba limalizwe. Rashidi ndiye aliyeleta maneno, amevaa shati jipya.

Mama Zainabu aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakuwa tena karibu na mlango. Palikuwa kwake. Aliweka chini ungo aliokuwa anapepetea mbaazi, akasema taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani:

"Ilipokuwa fedha, mliiita mali ya ukoo. Mimi nikakaa mlangoni. Leo ni deni, mnaliita la Athumani na mkewe. Nimemlisha mume wangu kwa miti hii mwaka mzima, na nitaendelea kumlisha. Lakini ninyi watu wazima mliokula jasho la mzee mkapangusa midomo, kwenye shamba la mama yangu hamwingii. Chai ipo. Atakayekunywa anywe, kisha mwende."

Mzee mmoja alitaka kumkemea, akaishia kuokota fimbo yake. Rashidi alitazama simu yake. Mjomba Athumani alikuwa ameinamisha kichwa, na hakukiinua mpaka walipokwisha kuondoka.

Kwa hiyo miti ya Chiwata ilipona, na nyumba ile ilikula kwa miti ile. Ila mjomba hakuweza kukaa pale akilishwa. Alitafuta kazi, umri ule, akapata ya kuuza katika duka la dawa pale Nanganga, barabarani. Mwenye duka alikuwa mgonjwa wake wa zamani. Kila nilipopita na basi nilimwona amesimama nyuma ya kaunta, ameinua kichupa karibu na macho kusoma maandishi. Wauguzi vijana aliowafundisha Ndanda walikuwa wanashuka kununua maji, wanampa shikamoo, halafu hawajui waseme nini tena.

Siku moja nilishuka. Nilimkuta hana mteja, tukakaa kwenye benchi la nje. Nilimuuliza swali nililokuwa nalo moyoni tangu siku ile ya chai.

"Mjomba, ulipokuja ofisini kwangu, hukunielewa?"

Alifuta miwani yake kwa kanzu.

"Nilikuelewa, mama. Mimi si mjinga." Alitazama lori lililokuwa linapita mpaka likapotea. "Maisha yangu yote nimepokea amri. Daktari anasema, mimi nafanya. Sista anasema, mimi nafanya. Siku ile watu walikuwa wananingojea mimi niseme. Niliona nikikataa wataondoka."

Alirudisha miwani machoni.

"Na wameondoka vilevile," alisema.

Alifariki mvua zilizofuata, mkopo wake haujaisha. Msibani Rashidi alisimama kusema kwa niaba ya ukoo. Alisema marehemu alikuwa mtu mkarimu, mkono wake ulikuwa wazi kwa kila mmoja. Mama Zainabu alikuwa ndani, eda imemfunga, lakini dirisha lilikuwa wazi na najua alisikia. Mimi bado namwamkia Rashidi shikamoo, kwa kuwa ni kaka yangu mkubwa. Anaitikia marahaba. Hakuna zaidi ya hapo kati yetu.

Mwaka huu nami nimestaafu, mwanangu, ndiyo maana nakueleza haya. Juzi walikuja. Rashidi, na vijana wengine wa ukoo ambao wakati ule walikuwa bado shule, wameketi sebuleni kwangu. Wanasema kuna ufuta, kuna mbaazi, soko limefunguka, fedha isilale. Waliniita tajiri. Niliwasikiliza, nikawaambia fedha imeshapangiwa kazi yote, hakuna iliyobaki ya kuzunguka. Waliondoka bila kugusa chai. Sasa najulikana kijijini kuwa nina roho mbaya, nimesahau nilikotoka. Usiku nalala. Lakini sikudanganyi kwamba haiumi. Inauma, kwa sababu nawapenda, na kwa sababu najua wengine miongoni mwao walikuja kwa nia njema kabisa.

Basi sikiliza ninachokuusia. Uzee usiungojee kwenye siku ya kustaafu. Uanze leo, ukiwa na meno yako. Panda miti mipya wakati ya zamani bado inazaa, weka kidogo kila mwezi mahali ambapo mkono wako hauingii kirahisi, lipa bima ya afya hata mwaka ambao hukuugua. Fedha ya kustaafu ipangie kazi kabla haijafika, uipange na mkeo au mumeo, halafu uwaambie ndugu baada ya kuipanga na si kabla. Ya mkupuo ukiikosea utaumia, lakini ya mwezi ukiikopea umekufa ukiwa umesimama.

Soko usilifanye ndugu. Atakayekuambia anajua bei ya korosho ya Oktoba wakati mvua bado inanyesha, mheshimu kwa umri wake na umfungie mlango. Bei iliyoshuka imewamaliza watu, nayo iliyopanda ilimmaliza mjomba wangu. Weka sokoni kile tu ambacho kikipotea bado utapika ugali. Na biashara ambayo ukidhulumiwa huwezi kwenda kusema popote, iache kwa wenye ubavu wa kudhulumu.

Mali yako iandike ungali hai, mbele ya mashahidi, kwa jina la mtu na si la ukoo. Watakusema. Waache waseme, kwa kuwa unaandika ili kumkinga mwanao dhidi ya hao hao watakaokusema. Wapwa wape, wazazi wape, zaka toa, sadaka toa, lakini utoe ukijua unatoa, na usiseme ni biashara. Na siku watu wanapokuzunguka na kukuita tajiri, jiulize walikuwa wapi mwaka jana.

Haya ni maneno machungu na sikuyatia asali, maana mjomba wangu nilimpa ya upole na hayakumfaa. Mungu akupe uzee wa kukaa, si wa kusimama. Akupe paa lisilovuja na maji ya karibu. Akupe ndugu watakaokuja kukutazama siku ambayo huna kitu, na ukiwapata hao, uwapikie.